Tasbihi ya Kifungo Cheupe

Haya yote nimeyapata kwa Rosine, mujukuu wangu, siku ya Jumatatu, tukiwa tunamenya mihogo nyuma ya nyumba. Yeye alikuwa ndani ya pango ile kwa miguu yake. Yale ambayo hakuyaona, aliambiwa na Aziza mwenyewe. Kama kuna mutu ya Kasongo ataona nimekosea, aende kumuuliza Rosine, mimi aniache na mihogo yangu.

Wiki ile ingine tulimwacha Aziza, muuza vitenge wa soko ya Kasongo, chini ya ardhi kule Lusangi. Alikuwa amenyakua shapele, ile rozari ya wakristu, juu ya kaburi ya katekista André. Clovis, gide anayetembeza wageni, akamukamata mukono na kupiga kelele: "Mwizi!"

Tuendelee hapo hapo, mukono ungali umekamatwa.

Pango ni nyembamba. Sauti ikaenda mpaka mwisho, ikarudi. Mwizi! Mwizi!

Wamama wa korali, waliotoka na Aziza alfajiri kutembelea mahali watu walifichaga sala zao chini ya ardhi wakati wa vita, wakaacha wimbo katikati.

"Shapele ya mufia dini!" mumoja akasema. "Hata shetani haibagi shapele, anaogopa kuungua vidole."

"Asubuhi Waislamu walituonyesha shimo yao ya chuo ya Kurani," mwingine akadakia. "Nani kati yetu aligusa kitu? Hata mukeka hatukuukanyaga! Sasa yeye anafika kwetu ananyang'anya."

"Achilia mukono wangu, Clovis," Aziza akasema.

"Achilia shapele, yaya, dada yangu."

"Hii si shapele."

"Ni nini basi? Maharagi?"

Watu wakacheka. Aziza hakucheka. Akaisogeza torshi ya simu karibu.

"Angalia. Katikati ya hizi mbegu nyeusi, hii nyeupe ni nini?"

"Ni mbegu nyeupe."

"Ni kifungo cha blauzi. Mbegu moja ilipasuka, mama yangu akakata kifungo cha blauzi aliyoolewa nayo, akakitunga hapo. Mimi ndiye nilimushikia taa. Hii ni tasbihi ya baba yangu, Mwalimu Assumani. Mutu aliyelala hapa ni baba yangu. Na ninyi munamuwashia mishumaa!"

Kisha Clovis akacheka kidogo, cheko ya mutu aliyekwisha kushinda.

"Na musalaba, yaya? Mwalimu wa Kurani anavaaga musalaba?"

Ilikuwa kweli. Mwisho wa uzi ulining'inia musalaba wa bati, mudogo kama ukucha. Rosine anasema hata yeye, anayemupenda Aziza kama dada, alianza kumuonea haya.

Clovis akawageukia wageni, akachukua ile sauti yake ya kazi:

"Wamama, tusifadhaike. Hapa amelala baba yangu, katekista André. Alikufa na mvua ikinyesha, mukono mumoja kifuani, anatabasamu kama mutoto aliyeshiba. Hakuna aliyelia, maana uso wake uliwakataza. Foto zinaruhusiwa, lakini bila mwanga."

Ninyi munaoanza leo, mujue kwa nini Aziza hakukimbia haya ile. Mama yake, Mama Rachida, hatoki tena kitandani. Dawa anatema. Uji anatema. Neno moja tu anarudilia toka asubuhi mpaka jioni: mume wangu amelala wapi? Aziza hakutaka kitu kingine katika dunia isipokuwa kumujibu kabla hajafunga macho.

"Mwite mama yako," akamwambia Clovis.

Mama yake, Mama Léocadie, alikuwa kwenye mulango wa pango na kitunga chake cha mishumaa, kama anavyokaaga siku zote za wageni. Akaingia ameinama.

"Mama, waambie nani amelala hapa."

"Baba yako," akajibu bila kungoja.

"Nimekusikia, mama," Aziza akasema. "Sasa uniambie mimi. Unishike mukono, useme tena."

Mama Léocadie akanyoosha mukono. Torshi ikaangaza kile kifungo. Rosine anasema mama yule alikiangalia kifungo, hakuangalia uso wa mutu, na mukono wake ukabaki njiani.

"Clovis," akasema, "watoe wageni. Sombe ya majani ya mihogo iko kwenye moto, wakale. Mimi nitasema na huyu mwizi."

"Mama, polisi..."

"Nimesema watoe!"

Wakatoka wakinung'unika. Rosine tu alibaki, sababu Aziza alimukamata kitenge na hakukiachilia.

Mama Léocadie akakaa juu ya jiwe. Akazima mushumaa mumoja kwa vidole. Akazima wa pili.

"Unaitwa Aziza," akasema. "Ulikuwa na kidonda cha goti. Baba yako alikuwa anakisema kila siku: sijui goti ya Aziza imepona."

Aziza akakaa chini kwenye udongo, kando ya kaburi.

Ndiyo, wasomaji wangu. Katekista hakuwa ndani ya kaburi ile.

"Tulikuwa humu pamoja," Mama Léocadie akasema. "Mume wangu André alisalisha wakristu upande wa mulango. Baba yako alisalisha Waislamu kule nyuma. Sombe tulikula katika sahani moja. Wewe na mama yako mulikuwa mumekwisha kukimbilia Kindu. Kisha wenye silaha wakaanza kumutafuta baba yako."

"Kwa nini yeye?"

"Walitaka awaandikie hirizi ya kuzuia risasi. Akakataa. Akasema yeye anafundisha watoto kusoma, hana dawa ya vita. Wakaapa kumupata, muzima ao maiti. Waislamu wenzake wakahamia porini. Yeye homa ikamushika, hakuweza kutembea. Nikamulinda mimi. Akafa asubuhi moja, nikiwa na wagonjwa na muzee kipofu. Tukachimba kwa jembe ya kulimia."

"Na mume wako alikuwa wapi?"

Rosine anasema alisikia maji yakitona kule nyuma.

"Mume wangu alitoka kutafuta chumvi. Jioni, muzee kipofu akasema anasikia viatu vingi. Nikajua ni wao. Nikajua wakisikia ni Mwalimu, watamufukua wakamukate kichwa, waonyeshe watu. Ule musalaba niliukata katika kopo ya sardini, ulikuwa ukutani kwetu. Nikaufunga kwenye tasbihi yake, nikaiweka juu ya udongo."

"Wakaingia?"

"Wakaingia. Walikuwa na mutu wa kuwaonyesha njia. Fulari, kitambaa cha kichwa, imefunika uso mupaka machoni. Lakini miguuni, mwanangu! Miguuni alivaa makandala ya mupira wa gari, na kamba ya kuume niliishona mimi mwenyewe, kwa uzi mwekundu."

Aziza akaweka mukono mudomoni.

"Mukubwa wao akaniuliza: nani amelala hapa? Nikamwangalia yule wa fulari katika macho. Nikasema: hapa amelala mume wangu, katekista André, amekufa leo. Mumuulize mutu yeyote."

"Naye akasema nini?"

"Hakusema kitu. Mukubwa akamuuliza: ni kweli? Akaitika kwa kichwa. Akaitika kifo chake mwenyewe! Wakaondoka naye. Sijui walimukamata njiani wakamulazimisha, sijui alijitolea. Mutu anaulizwa akirudi. Huyu hakurudi."

"Na Clovis?"

"Clovis alikuwa tumboni. Nilimupa baba aliyekufa, kwa sababu yule muzima hakufaa."

Aziza akafuta uso kwa ncha ya kitenge. Kisha akauliza lile ambalo kila mutu wa dini yao angeuliza, hata awe amepigwa namna gani.

"Mulimulaza namna gani?"

"Namna gani nini?"

"Baba yangu. Mulimulaza kwa ubavu gani?"

Mama Léocadie akamwangalia bila kufahamu. Kisha akafahamu, na Rosine anasema hapo ndipo alizeeka.

"Kama tunavyolazaga watu wetu. Chali. Mikono kifuani. Kichwa kule ndani, miguu kwenye mulango. Hakuna aliyekuwa amebaki wa kutufundisha, mwanangu. Tulimulaza vizuri, kwa namna tuliyoijua."

Ubavu wa kuume, uso kwenye kibula. Hilo ndilo Mama Rachida angeuliza kwanza. Hata kabla ya kulia, angeuliza hilo.

Aziza akasimama.

"Toka nje. Uwaambie."

"Hapana."

"Mama!"

"Ungojee nikufe. Nikiisha kufa, sema yote, hata utie bendera. Lakini nikisema leo kwamba André hayuko hapa, watu wataniuliza iko wapi. Nitawajibu nini? Na Clovis? Toka akiwa mudogo anafagia hapa. Alijifunza kusimama kwa kushika jiwe hii. Utamwambia nini huyu mutoto?"

"Na mama yangu nitamwambia nini? Yeye hatakungojea ukufe."

Bibi yule akaichukua tasbihi mukononi mwa Aziza. Aziza akadhani anamurudishia. Hapana. Akaipeleka mudomoni, akakata uzi kwa meno. Akachomoa kifungo cheupe. Akafunga uzi tena, vizuri, kama mutu anayefunga kidonda.

"Mupelekee hiki. Atakijua. Ingine iache. Wagonjwa wanatoka mupaka Kabambare kuja kuigusa."

Aziza akacheka. Rosine anasema hajasikia cheko mubaya kama ile.

"Basi baba yangu anaponyesha watu kwa jina ya mutu aliyekuja kumuuza."

"Ndiyo, mwanangu," Mama Léocadie akasema, akawasha tena mushumaa. "Na wanapona."

Walitoka. Wamama wa korali walikuwa wanalamba vidole. Clovis akauliza mambo yameisha namna gani. Mama yake akajibu: "Alikosea. Amefananisha." Na Aziza, mbele ya watu wote, akameza ukweli. Akasema: "Ndiyo, nimefananisha. Munisamehe."

Mama mumoja akamwambia kwa upole kwamba ataombewa.

Pikipiki zikawarudisha Kasongo. Barabara munaijua: matope, kushuka, kusukuma, kupanda tena. Aziza kifungo alikifunga katika ncha ya kitenge, na kila shimo ya barabara alikipapasa.

Jua lilikuwa linaaga walipofika. Mama Rachida alikuwa amelala macho wazi.

"Umemuona?"

Aziza akamuinamia. Akakiweka kifungo katika kiganja chake.

Yule mugonjwa aliyekataa hata kijiko cha uji akafunga vidole. Akapitisha kidole gumba juu ya matundu, moja moja, polepole.

"Ile blauzi niliivaa siku ileile, bila kifungo," akasema. "Baba yako alicheka, akasema sasa kitovu kitaonekana." Akakohoa. "Wapi?"

"Lusangi, mama. Ndani ya pango. Alikufa na homa. Hakuna aliyemugusa."

"Alhamdulillahi." Kisha, kama nilivyowaambia: "Amelala ubavu gani?"

Aziza akafungua mudomo. Aliweza kumeza ukweli mbele ya wageni pale Lusangi, lakini kumudanganya mama yake juu ya kaburi, ulimi ulikataa.

"Ubavu wa kuume, mama," sauti ikasema mulangoni. "Uso kwenye kibula."

Aziza akageuka.

Clovis! Vumbi mupaka kwenye kope, kofia ya ugide mukononi.

"Ni nani huyu?" Mama Rachida akauliza.

"Ni mutoto wa waliomuzika," Clovis akajibu mwenyewe, akapiga magoti kando ya kitanda. "Mimi ndiye ninafagia kaburi yake, mama."

"Unamufagilia mume wangu?"

"Kila siku."

"Mungu akuzidishie. Sasa uniambie mutoto wangu, alikufa namna gani?"

Clovis akavuta pumzi. Na sauti yake ikabadilika.

"Alikufa na mvua ikinyesha, mama. Mukono mumoja kifuani, anatabasamu kama mutoto aliyeshiba. Hakuna aliyelia, maana uso wake uliwakataza."

Maneno yaleyale! Maneno ya wageni, neno kwa neno, jina tu liliachwa. Aziza alitaka kumupiga kofi. Lakini alipomwangalia mama yake, machozi yalikuwa yanashuka mupaka masikioni, na mudomo ulikuwa unacheka.

"Kweli ni yeye," Mama Rachida akasema. "Alikuwa anatabasamu hivyo akilala." Akavuta kitenge cha Aziza. "Ijumaa munipeleke. Nitafia njiani, ao nitafia hapo, haizuru. Munilaze nyuma yake, ubavu uleule. Apa."

"Mama, barabara..."

"Apa!"

Aziza akaapa. Ungefanya nini wewe?

Mugonjwa akageukia ubavu wa kuume, ngumi imekumbatia kifungo. Akaomba uji. Akakunywa robo ya kikombe. Akalala.

Aziza akamuvuta Clovis mupaka barazani.

"Umefuata nini?"

"Kifungo. Niliona uzi umefungwa upya. Mimi ndiye ninaipangusa kila asubuhi, yaya, ningekosa kuona?"

"Na umemudanganya mama yangu katika kitanda cha kufa."

"Ninatembezaga Waislamu pia. Ninajua munacholilia." Akakaa chini. "Yeye analala. Wewe ungemupa nini?"

Aziza akakaa kando yake.

"Mama yako amekuambia?"

"Mama hajaniambia kitu. Mama anaamini sijui."

"Hujui nini?"

Clovis akatoa simu katika mufuko, akaiweka juu ya goti.

"Baba yangu iko Kalemie. Iko na bibi mwingine, na watoto. Alipata namba yangu kwa dereva mumoja. Ananipigiaga simu kila Noeli. Unajua ananiuliza nini? Haniulizi habari ya mama. Ananiuliza kama kaburi yake inatunzwa vizuri."

Rosine anasema Aziza, alipofika hapo katika kumweleza, alisimama akatembea kidogo, kisha akarudi kuketi.

"Na wewe unasimama pale kila wiki," Aziza akasema, "unasema alikufa akitabasamu."

"Mama akisikia baba iko muzima, atakufa na haya. Ninamufichia."

"Naye anakufichia wewe!"

"Ndiyo."

"Ninyi wawili munafichana kitu kimoja, na kifuniko ni baba yangu!"

Clovis akainamisha kichwa. Kama alilia, giza lilimusaidia.

"Yaya, kuna lingine. Nikiwa njiani kuja hapa nilikasirika, nikamupigia simu mimi. Nikamwambia: kaburi yako imepata mwenyewe, tafuta ingine. Nilifikiri atakata simu."

"Hakukata?"

"Akaniambia hayuko tena Kalemie. Figo zake zimekwisha, watoto wa kule wamemuchoka. Wamemupandisha pikipiki. Amefika Kabambare toka jana, analala kwa mutu. Anasema anakuja Lusangi kufia pale pake."

"Pale pake?"

"Ndivyo anavyosema. Jina imekwisha kuandikwa, anasema, na padri amekwisha kubariki. Kumebaki yeye tu kuingia."

"Lini?"

"Ijumaa."

Clovis hakuweza kurudi na barabara ile. Akajinyoosha juu ya benchi ya baraza, kofia usoni. Kijana aliyezoea kulala karibu na kaburi hakukawia kukoroma.

Aziza akaingia ndani. Akajaribu kufungua ngumi ya mama yake, achukue kile kifungo akirudishe mahali pake kabla ya mambo kuharibika. Vidole vikakataa. Akavuta mukeka chini ya kitanda. Akajilaza chali, mikono kifuani, ajue baba yake amekuwa akilala namna gani miaka hii yote. Na hivyo hivyo, chali, usingizi ukamuchukua.